Kifaransa au Kihispania? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada ya Kozi

Kijana amemaliza chuo, ana Kiswahili na Kiingereza, na ana hela ya kozi moja tu ya lugha. Mjomba anamwambia asome Kifaransa kwa sababu Kongo ni jirani. Rafiki anayefanya kazi ya kutembeza watalii Arusha anamwambia asome Kihispania kwa sababu kinashikika haraka. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo kichwa kinapouma.

Akikosea hapotezi ada peke yake. Lugha ya kigeni hula mwaka mzima au zaidi kabla haijaanza kumlipa aliyeisoma. Haya hapa ni mambo ya msingi ya kupima, kwa macho ya mtu ambaye lugha yake ni Kiswahili.

Jibu fupi kwanza

Kwa Mswahili, Kihispania ni rahisi zaidi kutamka na kusoma, lakini nchi zake ziko mbali. Kifaransa kinasumbua zaidi masikio na macho, lakini kiko hapa hapa mlangoni. Kwa hiyo swali la "ipi rahisi?" halitoshi. La maana zaidi ni "nitaitumia wapi, na nani?"

Nani anazungumza nini, na wapi

Kihispania kina wazungumzaji wa kuzaliwa wanaokaribia milioni 500. Ni lugha rasmi katika nchi 20, nyingi zikiwa Amerika ya Kati na ya Kusini: Meksiko, Kolombia, Ajentina, Peru, Kuba na nyinginezo. Marekani peke yake ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani. Barani Afrika, nchi ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968.

Kifaransa kina wazungumzaji zaidi ya milioni 300, ukijumlisha waliozaliwa nacho na waliojifunza shuleni. Sehemu kubwa yao wako Afrika. Nchi jirani za Kongo, Burundi na Rwanda zote zina Kifaransa kati ya lugha zao rasmi. Nchini Kongo ndiyo lugha rasmi ya serikali, huku Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba zikiwa lugha za taifa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imebadilika. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Kifaransa kikaongeza uzito ndani ya Jumuiya yenyewe.

Matamshi: hapa Kihispania kinashinda

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kihispania kina hizo hizo tano, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Neno *mucho* (mengi) na neno *leche* (maziwa) Mswahili anayasoma kama yalivyoandikwa na anaeleweka siku hiyo hiyo.

Kuna bahati nyingine. Sauti nyingi zinazowatesa Waingereza wanaojifunza Kihispania, Mswahili anazo tayari:

- *ñ* ni "ny" yetu. *Niño* (mtoto) husomwa "ninyo".
- *d* katikati ya irabu hulainika na kukaribia "dh" ya "dhahabu", kama d ya pili katika *dedo* (kidole).
- *g* katikati ya irabu hukaribia "gh" ya "ghali".
- *z*, na *c* ikifuatwa na e au i, hutamkwa "th" ya "thelathini" sehemu kubwa ya Hispania. Amerika ya Kusini ni "s" ya kawaida.
- *j* ni kama "kh" ya "kheri" kwa anayeitamka Kiarabu.

Hata mkazo wa neno unafanana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, na pale kinapokiuka utaratibu huo kwa maneno hayo huweka alama juu ya herufi ili msomaji aone.

Ugumu upo pia. *Pero* ni "lakini", ila *perro*, kwa r ya kutetemesha ulimi, ni "mbwa". Tena wenyewe wanaongea mbio. Mtu anaweza kusoma gazeti akaelewa, halafu akasikiliza redio akabaki ameduwaa.

Kifaransa: kinachoandikwa si kinachosikika

Kwenye Kifaransa herufi nyingi ziko pale kwa kutazamwa tu. *Beaucoup* (sana) husomwa "boku". *Eau* (maji) ni "o" tu. Kuna pia irabu za puani, ambazo Kiswahili hakina. Maneno *vin* (mvinyo), *vent* (upepo) na *vont* (wanakwenda) hutofautishwa na irabu hiyo ya puani peke yake. Sauti ya *u* katika *rue* (barabara) nayo si "u" yetu. Ukiitamka kama ya Kiswahili, umesema *roue*, yaani gurudumu.

Lakini kuna msaada mmoja ambao wengi hawaambiwi: r ya Kifaransa cha Paris iko karibu sana na "gh" ya "lugha". Anayetamka "ghala" vizuri ameshavuka kizingiti kimoja. Na kwa Kifaransa cha Kongo na Afrika Magharibi, r ya ulimi husikika kila siku na hakuna anayemcheka mtu.

Maneno: Mswahili haanzi na mfuko mtupu

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na wakaacha maneno yao. Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mengi yanafanana: meza ni *mesa*, bendera ni *bandera*, mvinyo ni *vino*, karata ni *carta*, bomba ni *bomba*.

Mlango wa pili ni Kiarabu. Waarabu na Waislamu wa Afrika Kaskazini walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na Kihispania kikabeba maneno yao kama Kiswahili kilivyobeba. Ndiyo maana sukari ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*, bilingani ni *berenjena*, na mtu fulani ni *fulano*. Hata neno *hasta* (hadi) limetoka kwenye Kiarabu kile kile kilichotupa "hata".

Kifaransa hakikuacha mengi kwenye Kiswahili cha Tanzania na Kenya, ingawa "divai" hutajwa kuwa limetoka kwenye *du vin*. Upande wa Burundi na Rwanda serikali huitwa "Leta", kutoka *l'État*. Msaada mkubwa wa Kifaransa unapitia Kiingereza, kwa sababu Kiingereza kimekopa maelfu ya maneno kutoka huko. Maneno kama *nation*, *information* na *restaurant* yanaandikwa vile vile katika lugha zote mbili. Mwenye Kiingereza kizuri ataanza kuelewa habari za Kifaransa kwa kusoma mapema kuliko anavyodhani.

Sarufi: fikiri kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza

Vitabu vingi na programu nyingi za simu hufundisha lugha hizi kupitia Kiingereza, na hilo linawafanya Waswahili wahangaike bila sababu. Mifano minne inatosha.

*Umri na njaa.* Kiingereza husema mtu "ni" miaka ishirini. Kiswahili husema "nina miaka 20", "nina njaa". Kihispania ni *tengo 20 años*, *tengo hambre*. Kifaransa ni *j'ai 20 ans*, *j'ai faim*. Zote ni "nina", kama kwetu.

*Mtenda ndani ya kitenzi.* Mswahili hana haja ya kusema "mimi nasema", maana "nasema" inatosha. Kihispania hivyo hivyo: *hablo* (nasema), *hablas* (unasema), *hablamos* (tunasema). Tofauti ni kwamba alama ya mtenda kwetu iko mwanzoni, kwao iko mwishoni. Kifaransa hakiruhusu hivyo. *Parle*, *parles* na *parlent* husikika sauti moja, kwa hiyo lazima useme *je*, *tu* au *ils* ili ujulikane ni nani.

*"Ni" na "niko".* Kihispania kina vitenzi viwili: *soy de Tanga* (mimi ni wa Tanga) na *estoy en Tanga* (niko Tanga). Wanafunzi wa Kiingereza huona mateso. Mswahili ameshazoea kuzitenganisha, ingawa *estar* hutumika pia kwa hali ya kupita kama ugonjwa au uchovu. Kifaransa kinatumia *je suis* kwa zote mbili.

*Upatanisho wa maneno.* Anayesema "kiti cheupe, viti vyeupe" hawezi kushangaa akikuta *casa blanca, casas blancas*. Lugha zote mbili zina jinsia mbili tu za nomino, za kike na za kiume. Kwa aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili, huo ni mzigo mwepesi. Kinachobaki ni kukariri kila neno pamoja na kibainishi chake, *el* au *la*, *le* au *la*.

Heshima nayo inaeleweka. Kifaransa kina *tu* kwa mwenzio na *vous* kwa mkubwa au mgeni. Kihispania kina *tú* na *usted*. Aliyelelewa kwa shikamoo anajua kwa nini.

Kazi na biashara

*Mfanyabiashara anayetazama Kongo.* Wateja kutoka Lubumbashi, Goma na Bukavu wanajua Kiswahili, na bei ya kitenge Kariakoo haihitaji Kifaransa. Kifaransa kinahitajika mzigo ukishavuka: karatasi za forodha, mikataba, barua za benki, ofisi za serikali. Kinahitajika pia kwa anayetaka kufika Kinshasa, ambako lugha za mjini ni Kilingala na Kifaransa. Asiyesoma karatasi yake mwenyewe hulipa mtu amsomee, na hajui kama amesomewa yote.

Namba nazo ni za kuangaliwa. Ufaransa 70 ni *soixante-dix* (sitini na kumi) na 90 ni *quatre-vingt-dix* (ishirini nne na kumi). Kongo, Burundi na Rwanda hufuata mtindo wa Ubelgiji: *septante* na *nonante*. Aliyesoma kitabu cha Paris pekee anaweza kukwama kwenye bei.

*Utalii.* Hapa lugha zote mbili zina soko. Kundi la Wahispania au la Waamerika Kusini likija Serengeti au Zanzibar, wengi wao hupendelea kiongozi anayeongea lugha yao. Ila kazi hii ina msimu, na Wahispania wengi huchukua likizo Agosti. Kabla ya kulipa ada, ni busara kuuliza kampuni tatu au nne za utalii zinakosa waongozaji wa lugha gani, kwa sababu hali hutofautiana mji hadi mji.

*Mashirika ya kimataifa.* Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kifaransa na Kihispania zote zimo. Lakini lugha za kazi za Sekretarieti yake ni mbili: Kiingereza na Kifaransa. Kwa anayelenga mashirika ya misaada yanayofanya kazi Kongo, Burundi, Chadi au Afrika ya Kati, Kifaransa mara nyingi huwa sharti kwenye tangazo la kazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha nayo hutumia Kifaransa kati ya lugha zake.

*Kuhamia nje.* Kanada huwapa alama za ziada waombaji wanaojua Kifaransa, na tangu 2023 ina duru maalumu za kuwaita watu wa kundi hilo. Mitihani inayokubaliwa ni TEF Canada na TCF Canada. Kwa Hispania, mgeni anayeomba uraia kwa kawaida hutakiwa kuwa na cheti cha DELE cha ngazi ya A2 na kufaulu mtihani wa katiba na utamaduni.

*Kufundisha.* Kifaransa ni somo la mitihani ya taifa ya sekondari Tanzania na Kenya, kwa hiyo mwalimu wake ana mahali pa kuanzia. Kihispania shuleni ni nadra, ingawa uchache huo humfaidi mkalimani mzuri, maana washindani ni wachache.

*Mpira.* Hili si la kudharau kwa anayetaka kazi kwenye klabu au vyombo vya habari. Wachezaji wengi wa kigeni wanaokuja kwenye ligi zetu hutoka Kongo, Kodivaa na Burkina Faso, na shirikisho la soka Afrika hutumia Kifaransa. Kihispania nacho kimepita: Pablo Franco wa Hispania aliifundisha Simba, na Miguel Gamondi wa Ajentina aliifundisha Yanga.

"Lakini si Kifaransa kinakufa Afrika?"

Hoja hii inazunguka sana mitandaoni, na ina ukweli nusu. Rwanda ilihamisha masomo ya shule kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008. Katiba ya Mali ya 2023 ilikiondoa Kifaransa kwenye lugha rasmi na kukibakisha kuwa lugha ya kazi. Burkina Faso na Niger nazo zimechukua mkondo huo.

Upande wa pili, Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100 bado inaendesha shule na ofisi zake kwa Kifaransa, na Kinshasa ni mji mkubwa kuliko Paris. Rwanda yenyewe haijaikimbia lugha hiyo: Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, alichaguliwa mwaka 2018 kuongoza jumuiya ya kimataifa ya nchi zinazotumia Kifaransa. Siasa zinabadilika, lakini karatasi za ofisi hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Muda na vyeti

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huziweka Kifaransa na Kihispania kwenye kundi moja: saa 600 hadi 750 za darasani kufikia kiwango cha kazi, kwa anayejua Kiingereza. Anayesoma saa sita kwa wiki atahitaji takriban miaka miwili au zaidi kufika huko. Kiwango cha kati, yaani B1, hukadiriwa kuchukua saa 350 hadi 400. Kwa saa hizo hizo sita za wiki, hiyo ni mwaka na miezi kadhaa. Tangazo linaloahidi lugha kamili ndani ya miezi mitatu linauza ndoto.

Vyeti vinavyotambulika ni DELF (A1 hadi B2) na DALF (C1 na C2) kwa Kifaransa, na DELE kwa Kihispania. Vyote hivi havina tarehe ya kuisha. TCF hudumu miaka miwili, kwa hiyo ifanywe pale tu maombi yanapokaribia.

Kwa Kifaransa, Alliance Française ina vituo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Vya Kihispania ni vichache, na wengi hulazimika kutumia walimu binafsi au mtandao. Asiye na uhakika wa bando la kila siku alipime hili.

Makosa matatu ya kuepuka

1. Kuanza zote mbili kwa pamoja. Mshika mbili moja humponyoka. *Gato* ni paka kwa Kihispania, *gâteau* ni keki kwa Kifaransa, na zote hutamkwa karibu sawa. Lugha ya pili ianze baada ya ya kwanza kufika B1. Hapo itakwenda haraka, maana *libro* na *livre* (kitabu), *tierra* na *terre* (ardhi) ni wa ukoo mmoja.
2. Kuacha katikati baada ya A1. Ngazi hiyo inatosha kusalimia na kuagiza chai. Haimpi mtu kazi.
3. Kusoma kwa macho tu. Kwa Kifaransa hili ni kosa kubwa zaidi. Sikio lifundishwe tangu siku ya kwanza.

Jaribio la wiki nne kabla ya kulipa

Wiki mbili za kwanza, asome Kifaransa nusu saa kila siku kwa programu ya bure kwenye simu, na asikilize habari za Kifaransa chepesi za redio RFI. Wiki mbili zinazofuata afanye vivyo hivyo kwa Kihispania. Mwishoni ajiulize mambo matatu: ipi aliifungua bila kulazimishwa? Ni nani ndani ya kilomita 50 anaweza kuongea naye kila wiki? Na je, anaweza kutaja kazi moja, safari moja au karatasi moja ambayo lugha hiyo itamfungulia?

Akikosa jibu la swali la tatu, bora asubiri kidogo kuliko kulipa.

Kwa kifupi

Achague Kifaransa anayefanya biashara au usafirishaji wa kwenda Kongo na Burundi, anayelenga mashirika ya kimataifa, ualimu au Kanada. Achague Kihispania anayetaka kuongeza lugha ya utalii kwa haraka, mwenye ndugu, masomo au kazi inayomwelekeza Hispania, Marekani au Amerika ya Kusini, au aliyekwisha kukata tamaa ya lugha na anahitaji kuonja mafanikio kwanza.

Asiye na sababu yoyote kati ya hizo, akiwa anaishi Dar, Mwanza, Kigoma, Kampala au Nairobi, Kifaransa ndicho atakachopata mtu wa kuongea naye. Na lugha isiyopata wa kuongea nayo, hata iwe rahisi namna gani, husahaulika.